Makopo Matatu ya Bluu

Mimi huandika polepole. Shule niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijafika mstari wa tatu. Kuongea ndiyo tabu zaidi. Labda ndiyo maana nilipenda keki. Keki haikuulizi kitu.

Mama mdogo, ambaye naishi kwake huku ughaibuni, hapa Smithfield, ndiye aliyenitangaza. Alirudi kutoka kikao cha sendofu, ile sherehe ya familia kumuaga binti yao kabla ya ndoa, akasema, "Keki nimewaambia utatengeneza wewe."

"Mimi?"

"Hapana, jirani," akajibu, akaenda kuvua viatu.

Jioni bi harusi mwenyewe akanipigia simu. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kutoka Dar, na walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana. "Dada," akaniambia, "naomba keki tu isiniaibishe mbele ya yule mama."

Familia ilikuwa imeshona sare za kitenge cha bluu iliyokolea, na keki ilitakiwa ifanane na sare. Nilikwenda madukani Bankstown nikanunua makopo matatu ya rangi ya kupulizia keki, ile inayolika. Maelezo nilianza kuyasoma kwenye basi, neno kwa neno, na nilipomaliza nilikuwa nimepitiliza vituo viwili. Tikisa. Shika mbali kidogo. Pulizia kidogo, acha ikauke.

Asubuhi ya sherehe nililaza boksi la friji kwenye gereji, nikaiweka keki ndani yake ili rangi isirukie gari la baba mdogo. Nikapulizia. Krimu nyeupe ikawa bluu nyepesi, imeenea sawasawa. Niliipenda sana. Ndipo akaja shangazi wa bi harusi, mwenyekiti wa kamati, mama ambaye hata akikusalimia unahisi umechelewa. Alikuwa na kipande cha kitenge. Akakiweka ubavuni mwa keki kama fundi anayetafuta uzi.

"Hii ni bluu ya mtoto mchanga," akasema. "Tunamuaga mwali, hatumpeleki kliniki. Ongeza."

Nikaongeza. Akaweka kitenge. "Ongeza."

Kopo la tatu lilipoisha, usingeweza kujua keki ni ipi na kitenge ni kipi. Shangazi akaondoka ameridhika. Mimi nikalamba krimu iliyokuwa imedondoka kwenye boksi, kisha nikajitazama kwenye kioo cha gari. Midomo, ulimi, meno, vyote bluu. Nikapiga mswaki mara tatu. Meno yakabaki na rangi ya maji ya kufulia jinzi.

"Umekula kalamu?" mama mdogo akauliza.

"Keki inashika meno."

"Basi mwambie shangazi."

Alisema kama ni jambo dogo. Kwenye sendofu, bi harusi huwalisha wakwe keki kwa mkono wake, watu wote wakitazama na kamera zikiwaka.

Ukumbini nilimfuata shangazi mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, "Shangazi, ile keki..." Akasema, "Imependeza, mwanangu, kaa." Mara ya pili akasema, "Sogea, unaziba kamera."

Nikaamua kuandika. Nilichukua karatasi ya kufutia mikono, nikaazima kalamu, nikaanza: "Keki inashika meno. Toa krimu ya juu, lisha ya ndani." Kwa kuwa ingesomwa na bi harusi mwenyewe, siku yake kubwa, nilijitahidi mwandiko. Nilipofika kwenye "lisha", mshereheshaji alikuwa tayari anamwita mama mkwe mbele.

Nikakatiza katikati ya ukumbi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kanisani. Nilimfikia bi harusi akiwa ameinua kipande. Akaipokea karatasi kwa mkono wa pili, akaisoma, akanitazama. Mama mkwe alikuwa ameshafungua kinywa, anasubiri. Kwetu, tonge likishafika mdomoni mwa mkwe halirudi nyuma. Akamlisha.

Mama akatafuna kwa heshima zote, akageukia kamera, akatabasamu.

Mshereheshaji, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akaanza kukagua waya wa kipaza sauti.

Bi harusi akachukua kipande kingine, cha krimu tupu, akakila mwenyewe taratibu. Kisha akamtabasamia mkwe wake kwa meno yote. Mama akamtazama. Akapitisha kidole kwenye meno yake, akakitazama kidole.

"Na mimi niko hivyo hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mlete na baba yake," akasema, akimwonyesha mumewe aliyeanza kusogea kuelekea vinywaji. "Hawezi kuniacha peke yangu."

Baada ya baba ikawa zamu ya shangazi. Shangazi alisema ana sukari. "Tangu lini?" mama mdogo akauliza kutoka nyuma. Mama mkwe akamlisha mwenyewe, kipande cha pembeni, pale nilipopulizia zaidi. Msemaji wa upande wa mume alitoa hotuba akiwa amefunika mdomo kwa leso.

Kwenye picha za siku ile watu wote wamefunga midomo kama wanapigwa picha za pasipoti. Wawili tu wanacheka, bi harusi na mkwe wake, wameshikana mikono, meno nje.

Siku hizi anayetaka keki ifanane na sare namfungia keki nyeupe kwa utepe wa kitenge chake. Akikataa, akitaka ipuliziwe mpaka ikolee, napulizia, na keki inaondoka na kadi ya maelezo. Keki ikiwa ya Jumamosi, kadi naanza kuiandika Alhamisi.