Bunduki Niliyoipiga Msasa

Bora niseme mwenyewe kabla jirani hajanisemea: mimi ndiye niliyeipiga msasa bunduki ya kaka yangu, nikaipaka vanishi ya milango, mara tatu, nikailaza juu ya viti viwili vya plastiki uwani ikauke. Kila nikipita nasimama kuitazama, kichwa upande, kama bwana harusi aliyeona kioo. Nimesoma mpaka sekondari, nikakaa miaka mingi wizarani Al Khuwair, hapa Maskati, nikipanga mafaili, na sikumbuki kazi niliyoimaliza nikaridhika nayo kama ile. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu akiharibu kitu kwa uvivu angalau alipumzika. Mimi niliharibu kwa bidii.

Bunduki yenyewe ni sumaa. Ndivyo wanavyoziita hapa zile za zamani za risasi moja: unashusha mkono wa chini, unatia risasi, unaupandisha, unapiga, halafu unaanza upya. Ina pete za fedha kwenye mtutu na kibali chake cha serikali. Haikuwa ya kuwindia wala ya kulindia nyumba. Kazi yake ilikuwa Ijumaa asubuhi tu, jua halijakasirika, kaka na wazee wenziwe wanakwenda bondeni nyuma ya Al Khoudh kwenye uwanja wa shabaha. Wanatundika kisahani cheupe mbali huko, wanalala kifudifudi juu ya mikeka, na wanaanza kupiga na kuchambana. Anayekosa anainuka kuwamiminia wenziwe kahawa. Yuko mmoja, nasikia, alimimina kahawa mwaka mzima mpaka wakamwambia aje na birika, bunduki aiache nyumbani.

Na kati ya risasi na risasi wanazipokezana zile bunduki, kila mmoja ya mwenziwe, wanazipapasa, wanazinusa, wanabishana fedha hii ilifuliwa Nizwa au wapi, huyu alinunua kwa nani, ya yule ilikuwa ya babu wa nani. Wakirudi makwao wana vumbi mpaka masikioni na wamefurahi kama wametoka harusini.

Nasema "nasikia" kwa sababu mimi sikuwa nikienda. Mimi na kochi langu tuna mapenzi ya siku nyingi. Kila Alkhamisi kaka akinipigia simu: "Kesho unakuja?" Nami nikimjibu: "Inshallah." Ile inshallah yangu ilikuwa na maana moja tu, na yeye akiijua, lakini Alkhamisi ya pili anapiga tena. Mara mgongo, mara joto, mara nimekula vibaya, mara nangoja fundi wa kiyoyozi. Yule fundi nimemngoja miaka thelathini.

Kaka yangu kanipita sana kwa umri. Yeye alikuja kutoka Unguja akiwa kijana, yeye na mama na sanduku moja, wakafikia Sidab kwa jamaa. Mimi nilizaliwa baadaye, hapa hapa, nikakuta nyumba ina vitanda. Yeye alikuja na Kiarabu cha msahafu na Kiswahili cha Mji Mkongwe, na kila akifungua mdomo dukani watu wanacheka. Akawa hafungui. Bondeni ndiko alikopumzika. Kisahani kikivunjika hakuna anayeuliza lafudhi yako. Wale wazee wakamwita Zinjibari, kwanza kwa kumkejeli, kisha kwa kumpenda, na jina likabaki.

Halafu macho. Daktari alisema presha ya macho. Pembeni kulizimika kwanza, pole pole, mpaka ikabaki tundu katikati, kama mtu anayechungulia kwa bomba la karatasi. Wanawe wakaogopa, wakaileta bunduki kwangu, nikaifungia kabatini na kuisahau. Mwaka huu daktari akamwambia hilo tundu nalo linafunga, na hapana la kufanya. Akanipigia simu. Haikuwa Alkhamisi, ndipo nilipojua kuna jambo.

"Nna Ijumaa moja, labda mbili," akasema. "Kisahani nnakiona bado, nikikitafuta. Nataka nipige mara ya mwisho, na yangu."

Nikamwambia nitamletea mwenyewe na nitamchukua kwa gari yangu. Sikusema inshallah. Nadhani alisikia kuwa haimo.

Hapo ndipo bidii iliponipanda. Mke wangu alikuwa Salala kwa binti yetu, angekuwepo angenizuia. Nilifungua kabati nikaitoa ile sumaa, na kusema kweli ilinitia aibu. Mbao nyeusi kwa jasho la mkono, mikwaruzo, doa la kuungua pale penye shavu. Kwenye shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, pameviringishwa gozi kongwe, gumu kama mkate wa juzi, limeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na linanuka. Nikasema hii ndiyo siku yake kubwa, ndugu yangu hawezi kwenda mbele za watu na kitu kama hiki. Nikalikata gozi kwa kisu cha jikoni. Chini yake mbao ina ufa. Nikautia gundi, nikajisifu kwa kuugundua. Gozi nikalitia kwenye mfuko pamoja na maganda ya ndizi, nikaupeleka pipani, barabarani.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mjane, watu wake nao wa Unguja. Yeye hana mlango wa mdomo, alhamdulillahi, kwani bila yeye mtaa wetu ungekuwa kimya kama wizara. Harufu ya vanishi ikamtoa nje. Akachungulia juu ya ukuta, akaitazama bunduki, akanitazama mimi na msasa wangu, akaniuliza mwenyewe anajua? Nikamwambia nataka kumfurahisha. Akaguna, akaingia ndani kufunga madirisha.

Ijumaa nilimchukua kaka mapema. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kilemba kipya. Njiani hakusema sana, aliniuliza tu kama kuna ukungu mlimani, nikamwambia hakuna, akasema vizuri. Tulipofika wale wazee walisimama kunitazama. Mmoja wao, mwenye ndevu za hina, akasema leo Zinjibari kaja na ndugu yake wa kwenye kochi, tazameni vizuri, hatutamwona tena. Wakacheka, nami nikacheka, nikafungua mfuko wa nguo nikaitoa bunduki inang'aa kama meza ya mapokezi ya hoteli.

Wakanyamaza wote. Mimi nilidhani wameduwaa kwa uzuri.

Kaka akanyoosha mikono, nikampa. Kiganja chake kikaenda moja kwa moja kwenye shingo ya kitako. Kikasimama. Kikapanda, kikashuka, kikarudi pale pale. Akaipeleka shavuni, akaiondoa.

"Hii ya nani?"

Nikamwambia yake.

"Yangu iko wapi?"

Nikaanza kueleza, maneno yakawa mengi, na kila likitoka moja nasikia jinsi lilivyo baya. Mzee wa hina akainama akamsomea namba iliyochorwa kwenye chuma, ile ile ya kwenye kibali. Kaka akatikisa kichwa. "Namba umeisoma wewe. Mimi siku hizi nnasoma kwa mkono. Gozi la mama liko wapi?"

Nikauliza gozi gani la mama. Na hapo, mbele ya wanaume saba wenye birika la kahawa, nikaelezwa habari ya nyumbani kwetu na mtu wa baki. Mwaka wa kwanza alipoipata, kaka aliiangusha kwenye mawe ikapasuka shingo. Akarudi Sidab analia. Mama akachukua lile sanduku walilokuja nalo kutoka Unguja, akalikata mkanda wake wa ngozi, akauroweka, akaushona ukiwa majimaji kwa uzi wa wavuvi. Ulipokauka ukabana, na ufa haukusogea tena. Kila mtu pale bondeni aliijua hadithi hiyo. Kila mtu alikuwa ameshawahi kupitisha kidole juu ya ile mishono. Aliyekuwa haijui ni kitinda mimba wa mama, mimi.

Nikasema nimelitupa.

Kaka hakupandisha sauti. Alisema mtu hatupi kitu kama kile, kwa hiyo nimeiuza yake nikamtafutia ya dukani, na hawa wenziwe wananisitiri kwa kuwa wana adabu. Mzee wa hina akampa bunduki yake mwenyewe apige. Akakataa. Wengine wawili wakampa zao, akakataa. Akakaa juu ya mkeka ameelekea kule kwenye kisahani, akitafuta kwa lile tundu lake, mpaka jua likapanda, hakupiga hata moja. Nilimrudisha kwake. Hakuniaga mlangoni.

Mchana ule nilikwenda pipani. Gari la manispaa lilikwishapita tangu jana. Nilisimama pale nikainama mpaka kiunoni hata hivyo, paka wawili wananitazama kama mshindani. Siku zilizofuata nilikwenda kwa mshona viatu mmoja kule Sibu, nikampa ngozi nzuri, akaizungushia shingo na kuishona kwa uzi wa wavuvi, nikampelekea kaka nyumbani. Akaipapasa, akainusa. "Inanuka duka," akasema, akaniwekea mapajani.

Ijumaa mbili zikapita hivyo. Ya tatu wale wazee walikwenda kumchukua wao wenyewe, wakanipigia simu nije na ile bunduki, kelele zote ziishe. Nilipofika bondeni nilijua nimechelewa, maana alinigeuzia sikio, hakunigeuzia uso. Akawaambia wenziwe, kwa utulivu kama anayesema habari ya mvua, kwamba tundu limefunga tangu Jumanne. Sasa kuna weupe tu, kama wa nyuma ya pazia.

Mzee wa hina akasema basi apige huyu wa kochi, alipe. Sikuwa na la kukataa. Wakanilaza kifudifudi, tumbo langu likawa linanilaza upande, wakanipanga kama godoro. Wakanionyesha mkono wa chini. Nikaushusha, nikatia risasi, nikaupandisha, nikafumba jicho, nadhani nilifumba yote mawili. Nikapiga. Bega karibu linitoke. Kisahani kiko pale pale, na kilima nacho sina hakika kama nilikipata. Nyuma yangu wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Kaka hakucheka. Akasema, "Piga tena."

Nikashusha mkono, nikatia, nikaupandisha. Ule mkono una tabia yake, unagonga mara mbili kabla ya kufunga, kidogo hivi, tk-tk. Nikapiga. Vumbi likatulia.

"Yangu hiyo," akasema. Halafu midomo yake ikawa inacheza kama mtu anayehesabu. "Kumbe siku ile ilikuwa ni yangu."

Siku ile alikuwa bado anaona.

Nimekosa mara mbili, kwa hiyo nikainuka, nikashika birika, nikawamiminia wote. Nilipofika kwake ilibidi nimshike mkono nimtilie kikombe kiganjani. Siku zote yeye hunywa vitatu. Alikunywa kimoja, akakitikisa kuwa kinatosha, akanirudishia.

Nyumbani jirani alikuwa uwani anaanua nguo. Sikujizuia, nikamweleza juu ya ukuta kila kitu, bega langu limevimba, nikaanza na manispaa na magari yake yasiyongoja mtu, nikaja kwenye vanishi, kwenye gozi, kwenye tk-tk, mpaka kikombe. Nilikuwa nataka aseme maskini. Alinisikiliza mpaka mwisho, pini za nguo mdomoni. Akazitoa.

"Ungelikwenda naye Ijumaa moja tu katika hizo zote alizokwita," akasema, "ungelijua lile gozi la nini."