Gauni la Tatu la Shangazi Bonaria

Shangazi Bonaria Loi amevuka miaka mia, na bado hupanda mwenyewe hadi banda la mbuzi. Mimi jirani yake, kijana wa miaka sitini na saba, namfuata nyuma nikihema. Ukimsalimu kama tunavyosalimiana sisi Wasardinia, watu wa kisiwa cha Italia, "Uishi miaka mia!", hukujibu, "Kwani unanifukuza?"

Milimani kwetu mwanamke akiota mvi hujishonea gauni la kuzikwa, akaliweka sandukuni. La kwanza la Bonaria alizikwa nalo wifi yake, aliyekufa ghafla kabla hajajishonea. La pili alimpa marehemu mama yangu. La tatu lilikuwa bado sandukuni, ila Bonaria alikuwa amenywea kwa uzee, likawa linampwaya.

Mwaka huu bintiye wa pekee, Assunta, mwenye miaka sabini na sita, alirudi kutoka hospitali na moyo mgonjwa. Gauni lile lingemkaa sawasawa. Sote tuliliona hilo, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Ndipo akaja Daktari Pintus, binti wa mjini anayechunguza kwa nini watu wa huku wanaishi sana. Alimtoa Bonaria damu, akaweka tone chini ya darubini, pale pale mezani kando ya jibini.

"Yesu wangu, kuna vitu vinatambaa!" Bonaria akasema, jicho kwenye darubini.

"Hao ni askari wako, Shangazi, chembe nyeupe za damu zinazokulinda na maradhi. Tukiwagandisha, tunaweza kuwaamsha hata baada ya miaka mingi, wakiwa hai."

"Hata mimi nikishaoza?"

"Hata hapo."

Nikachungulia na mimi. Mwili ukanisisimka. Uhai ule ulikuwa umewazika watoto wenzake wote aliocheza nao, na bado ulikuwa unatambaa kwenye kioo, una shughuli zake. Nilijikuta nimevua kofia kama niko kanisani.

Bonaria akakunja mkono wa pili wa nguo. "Basi kinga hata debe zima, mwanangu, umtie Assunta."

Daktari akainamisha macho. "Kama ingewezekana, Shangazi, mama yangu angekuwa hai. Bado tunatafuta."

Kutoka chumbani Assunta akapaza sauti: "Mama, muache mtoto wa watu! Mimi gauni lako linanitosha."

Niliogopa, sifichi.

Bonaria akafungua sanduku, akatoa gauni na mkasi, akaingia kwa bintiye. Akakata mabega, akakata kiuno, akakata pindo, vitambaa vyeusi vikimwagika sakafuni.

"Mama, una wazimu? Unaliharibu!"

Akaendelea kukata mpaka gauni likabaki la kumtosha yeye tu, dogo kama la msichana wa komunio ya kwanza kanisani. Akalitandaza juu ya kifua cha Assunta.

"Haya, livae sasa."

Assunta akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mimi nitazikwa na nini?"

Bonaria akamwekea sindano kiganjani, akamfumba vidole.

"Shona lako. Na kwa uvivu wako wa sindano, litakuchukua miaka."