Ng'ombe Wasiolala Zizini Kwangu

Mimi shule niliishia darasa la pili. Kusoma barabara nilikuja kujifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, tayari nina watoto. Kwa hiyo kitabu sikiogopi, wala sikipigii magoti.

Miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, mjukuu wangu wa kike alirudi kwangu Ganako kwa likizo. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Alikuja na kitabu cha mtu aliyeandika utoto wake wa shida mjini: baba hayupo, mama anafulia watu nguo, yeye anakwenda shule na blauzi ya mama yake. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mjukuu anasoma kwa sauti, mimi mikono inaendelea. Mara akafunga kitabu.

"Bibi, huyu ni sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi hapa. Zizini kuna ng'ombe wawili, na mmoja ulisema si wetu. Sirudi shule. Huko juu kreta, kwa watalii, wanatafuta wasichana wa kutandika vitanda hotelini. Nitakutunza."

"Nimekwambia nataka kutunzwa?"

Uso wake niliujua: ni wa marehemu babu yake, akishaamua ameamua. Na msichana akishaonja mshahara, kumrudisha darasani ni kazi. Sikupiga kelele. Nikamwambia, "Kesho vaa viatu vya kutembea. Tunakwenda Mbulumbulu."

Kwetu mtu mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, umekwisha. Mmoja unampeleka kwa rafiki, mwingine kwa ndugu. Wao wanakunywa maziwa na kupata samadi, wewe ng'ombe anabaki wako na ndama zake. Nawe unamfugia mwenzako. Mambo haya hayatangazwi, na watoto hawaambiwi, maana watoto wana midomo.

Tulifika kwa rafiki yangu, mjane kama mimi. Hata maziwa hatujamaliza, mjukuu akaenda kusimama langoni mwa zizi, kidole mbele. "Bibi, wa kwetu ni yupi?"

Rafiki yangu alicheka mpaka akashika kiuno. "Loo! Msomi wako katumwa na watu wa kodi? Shusha kidole, mama. Ng'ombe wa watu hawanyooshewi vidole."

Nilimwonyesha kwa kidevu. Yule mweusi, binti yake, na maksai mwekundu.

"Maksai huyo ni shule yako," nikamwambia. "Mimi na mwenzangu huyu tulishakubaliana tangu ulipofaulu. Mnada ujao anakwenda."

"Ila kama umeacha shule," rafiki yangu akadakia, "mimi nashukuru sana. Ananilimia vizuri. Nenda katandike vitanda, mwanangu, nenda!"

Mjukuu akatazama chini. Njiani alitembea mbele yangu, mgongo umekakamaa. Tulipofika penye mteremko akageuka.

"Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima naona aibu mbele ya wenzangu."

"Ungesema."

Akafikiri. "Ningesema," akakubali.

Tukateremka kidogo. Akaanza tena, sasa kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Mama wa kwenye kitabu hakuwa na wa kumpelekea ng'ombe, wala wa kumletea. Hata kama angempata ng'ombe, angemweka kwa nani? Majirani walimjua kwa nguo zao chafu tu. Nilidhani shida yake ni njaa."

"Njaa nayo ni shida," nikamwambia. "Usimdharau."

"Simdharau, bibi. Nasema tu mimi si yeye."

Alikuwa amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi.

Siku ya mnada alikwenda mwenyewe Mbulumbulu kumswaga yule maksai, fimbo mkononi. Rafiki yangu aliwasindikiza hadi barabarani, akimlilia maksai wake kwa maneno ya utani. Na shule zilipokaribia kufunguliwa, sikuhitaji kumkumbusha mtu. Nilikuta sanduku limeshafungwa, liko mlangoni, mwenyewe amekwenda kuuliza lori linaondoka saa ngapi.