Mama Aliyegoma Kusimama

Fundi Randa aliitwa hivyo kwa sababu hakuachia ubao utoke mkononi mwake kabla hajaupiga randa mara tatu. Ijumaa moja asubuhi mchungaji mpya alimwita kanisani. Akaenda na msumeno wake, ingawa kwa ibada hakuwa ameuvuka mlango ule miaka kumi na moja.

Mabenchi yalikuwa ishirini, kila moja la watu wanane. Jumapili iliyopita waumini walifika ishirini na wawili, wametawanyika kama nguo chache kwenye kamba ndefu. Mchungaji alitaka mabenchi kumi ya upande wa madirisha yawe meza: vijana wasome hapo, wajane washone, mwenye upweke apate wa kupiga naye soga.

"Tunafunga milango siku sita, halafu tunashangaa siku ya saba hawaji," alisema.

Shida ilikuwa benchi la tatu la upande huo. Mama mzazi wa fundi alikuwa amekaa, mkoba mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kupima benchi, au unanipimia jeneza?"

"Benchi, Mama. Naomba usimame."

"Sisimami ng'o! Hapa alikaa baba yako, hapa dada zako, na hapo ni pako. Nikisimama, nimekubali kwamba hamrudi. Ukitaka kukata, kata nami nikiwa juu."

Mchungaji alicheka hadi akavua miwani. Fundi akaanza na mabenchi mengine. Kufika saa sita, wapita njia walikuwa wamejaa madirishani. "Bibi kagoma!" waliambiana, na wawili watatu wakaingia waone vizuri.

"Fundi," mchungaji akauliza, "wewe uliondoka kwa nini?"

Fundi akasimamisha msumeno.

"Nilikuja ibadani moja kwa moja kutoka kazini, na vumbi langu la mbao. Mzee wa kanisa akanitoa mbele za watu, eti hapa si karakana. Toka siku hiyo, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

"Tulikukosea. Tusamehe."

"Hata mimi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuwepo, mwanangu. Nikanyamaza."

Fundi akaweka msumeno chini, akaja kukaa mahali pake, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Haya Mama, yamekwisha. Sasa simama nikate."

"Nisimame vipi na nimepata jirani?"

Kanisa zima likaangua kicheko, na fundi akacheka kuliko wote. Mchungaji akachukua penseli, na kwenye karatasi ya mpango wake akafuta kumi, akaandika tisa.

Jumapili, benchi la tatu lilikuwa katikati ya meza mpya. Mama alikaa, na mwanawe kando yake. Kisha wakaingia wale wa madirishani, wamekuja kumwona bibi aliyegoma.

Mama akampiga fundi kiwiko. "Sogea wewe, watu wanataka kukaa."