Kitabu cha nyimbo za harusi kwa mwenye eda

Mashoga zangu, leo nimempelekea mjane kitabu cha nyimbo za harusi.

Shuleni nilipewa kazi ya kuwachagulia walimu wa muziki vitabu vya kusoma likizo. Cha Bi Mwanaidi nilikichagua kabla mumewe, mpiga ngoma wake, hajafariki. Sikukumbuka kukibadilisha.

Yuko eda, hatoki, kwa hiyo nikakipeleka mwenyewe kwake Dunda. Nikamwamkia, nikampa huku natabasamu.

Akasoma jalada: nyimbo za harusi.

Wallahi nilitaka kumpokonya.

"Mwalimu, nisamehe."

"Mzee angekipenda, mwanangu. Nisomee mmoja. Usiimbe, soma tu."

Nikasoma.

Kwenye kiitikio vidole vyake vikaanza kugonga mkeka, pale ambapo mumewe angempigia ngoma.

Nimeshindwa kuendelea. Nyie mngeweza?