Mguu Ulionyweshwa Supu

Mimi ni hamali, nasukuma mkokoteni Mji wa Kale, Mombasa, tangu sijaota ndevu. Siku niliyoteleza na gunia la mchele, muundi wa mguu ulivunjika kwa kishindo hata watu wa Tononoka wakadhani ni mzinga wa futari.

Plasta ilipotolewa hospitali, nikaambiwa nianze kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo. Shangazi yangu aliyenilea akakataa katakata. Kwake mgonjwa ni kama bi harusi, mguu haugusi sakafu. Akanilaza ghorofani, supu ya mifupa asubuhi, supu jioni. Nafikiri ng'ombe wa Mombasa nzima walibaki bila miguu, wakitambaa.

Ukapita mwezi na zaidi. Mguu ukawa wa kuku. Nikisimama, watetemeka. Hapo nikaogopa kweli: hamali bila mguu atakula nini?

Nikarudi hospitali, shangazi nyuma yangu. Binti wa mazoezi ya viungo, mtu wa bara, akaitazama picha ya mfupa, akakunja uso.

"Mzee, huu mguu umekuwa ukifanya nini?"

"Wanywa supu."

Hakucheka. Akasema ndani ya mfupa mna chembe hai, ndogo ndogo, zimekaa kwenye vitundu vyao, na kazi yao ni kusikia uzito. Ukikanyaga, mfupa wabonyea kiasi cha unywele, maji ya mle ndani yasukumika, chembe zasikia, zaita mafundi waje wajenge. Ukilala tu, zaona mfupa hauna kazi, zaita wabomoaji.

"Na supu yangu?" shangazi akauliza.

"Supu ni mawe na chokaa, mama. Lakini fundi asipoitwa, vitakaa tu."

Tulipofika nyumbani, shangazi mwenyewe akanipa magongo.

"Haya, zunguka!"

"Shangazi, mguu wauma."

"Zunguka! Hao wenyeji wa mfupani wamengoja vya kutosha."

Nikazunguka chumba, kisha ngazi, kisha vichochoro, wiki baada ya wiki. Picha ya pili, binti akatabasamu: mfupa waongezeka. Akaniruhusu mkokoteni, lakini mzigo uwe mwepesi.

Jana nikautoa mkokoteni mtupu. Shangazi, aliye mpana kama mlango wa Kizanzibari, akapanda akaketi katikati.

"Shangazi, binti alisema mzigo mwepesi!"

"Huo mzigo mwepesi ndio mimi. Sukuma, chembe zisikie!"

Nikasukuma. Mguu ukashika, haukutetemeka.