Jina Ambalo Enguia Hakuweza Kulitamka

Katika Smara, kambi ya wakimbizi wa Sahara Magharibi huko Algeria, Enguia binti Mahfud alijulikana kwa mdomo wake. Ndiye aliyewapanga wanawake kufyatua matofali ya udongo wakati wanaume wako vitani, na ndiye aliyemrudishia mgeni mmoja wa Ulaya dengu zenye wadudu, akamwambia azipike yeye kwanza. Wageni walikuja na kamera, wakasikitika, wakaondoka. Enguia alitaka kwao kitu kimoja tu: kura ya kuamua kama Sahara Magharibi itabaki chini ya jeshi la Morocco lililowafukuza, au itakuwa yao.

Basi mwaka 1998, tume ya kimataifa ilipofika kambini kuandikisha wapiga kura, aliingia hemani kwa mbwembwe zake zote. Mezani alikaa afisa wa kigeni na mkalimani. Kando walikaa masheikh wawili wa ukoo wake waliopaswa kumthibitisha: mmoja aliletwa kwa ndege kutoka upande unaoshikiliwa na Morocco, na mwingine, Mzee Embarek, alikuwa wa hapo kambini. Huyu Embarek alikuwa pia baba mkwe wake.

Enguia alijibu bila kusita. Alizaliwa mwaka wa nzige, na mababu aliwataja hadi wa saba. Kisha afisa akafungua sensa ya 1974 ya Wahispania, waliotawala nchi yao zamani, ambamo Enguia ameandikwa kama mke wa mtu, akamwuliza jina la mumewe.

Enguia akanyamaza. Mkalimani akarudia swali, asipate kitu. Kwao mwanamke hatamki jina la mumewe mbele ya baba mkwe, na yeye hakuwahi kulitamka hata mara moja. Hata siku alipoletewa habari kwamba mumewe ameuawa vitani, alimwendea mzee akamwambia tu, mwanao harudi tena.

Sheikh mgeni akacheka. "Mke asiyemjua mumewe. Huyu mmemkodi wapi?"

Afisa akashika kalamu akate jina lake. Mzee Embarek hakuruhusiwa kumjibia, na uchungu ulimjaa usoni. Akavuta kilemba chake, akajifunika uso mzima, akageukia turubai akiwapa wote mgongo.

"Sema, binti yangu," alisema. "Mimi sipo hapa."

Enguia aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake, lakini alisema.

"Hamudi. Hamudi mwana wa Embarek."

Mabega ya mzee yakatikisika chini ya kilemba. Sheikh mgeni aliyatazama, na kicheko kikamkauka mdomoni. Alikuwa ametumwa kukataa watu, lakini naye alilelewa na wazazi wa jangwani wenye desturi ile ile. Akainamisha kichwa, akamwambia mkalimani kwamba huyu ni mkwe wa huyu, na mtu hafundishwi aibu ya namna ile kwa siku moja.

"Mwandike," alisema. "Ni wetu."

Enguia akaandikwa. Kura yenyewe haijapigwa mpaka leo, na kichwa chake kimejaa mvi. Wajumbe wa kigeni bado wanakuja, na wakimpa pole huwakatiza.

"Pole ya nini? Mimi nilishajiandikisha. Kawaulizeni wakubwa wenu wanaogopa kuhesabu nini."